Mzigo wa Marehemu Haulali Barabarani

“Grisi nilipaka mimi, kwa mikono yangu hii,” alisema Kabura. “Andika. Na uandike pia kwamba nikitoka humu nitapaka tena.”

Inspekta Konsilia Barutwanayo hakuandika kitu. Alisimama mlangoni mwa mahabusu ya kituo cha Nyarusagara, sweta limefungwa hadi shingoni kwa baridi ya mlimani, akimtazama dereva wa lori ambaye tangu jana alikuwa akijisokotea kamba mwenyewe.

“Ulipaka kwa nini?”

“Kwa sababu ni inzi, Shefu. Napanda mlima na saruji, lori linakohoa, nikitazama kioo naona waendesha baiskeli watano wameninginia nyuma, hawakanyagi hata pedali. Mmoja akidondoka, anaulizwa nani? Mimi! Wakifika juu wanaachia vyuma, wananipigia mluzi, wanaenda zao. Asante hawana. Basi nikapaka grisi, atakayeshika ateleze akiwa bado chini, ajifunze.”

“Minani amejifunza. Amekufa.”

“Simjui Minani. Kwenye kioo sioni majina.”

“Alishika lori lako, akateleza kwa grisi yako, kichwa kikapiga jiwe la ukingoni. Yuko shahidi.”

“Hakushika!” Kabura aliinuka, akakamata nondo za mlango. “Mtu akishika grisi yangu anakaa nayo mikononi wiki nzima. Mmeitazama mikono yake?”

Hilo ndilo lililokuwa likimkera Konsilia tangu alfajiri. Mikono ya marehemu haikutazamwa na mtu. Nduguze walikwisha kumwosha kwa maji moto na sabuni, kama heshima inavyotaka, kabla yeye hajapanda kutoka mjini kuja kulishika shauri hili. Na sasa gari la mwendesha mashtaka lilitarajiwa alasiri kumchukua Kabura. Akishashushwa gereza kuu, jalada lake litalala chini ya majalada mengine, na baba huyu wa watoto wanne mwenye mdomo usio na breki atazeekea humo kwa kosa ambalo pengine hakulitenda.

Nje ya lango kelele zilipanda. Waendesha baiskeli walikuwa wamekusanyika toka asubuhi, baiskeli zao zimelazwa barabarani, wakitaka wapewe dereva.

“Unawasikia?” Konsilia aliuliza.

“Inzi huvuma,” Kabura akajibu, lakini sauti yake haikuwa na nguvu ya mwanzo.

Uani, Konstebo Hatungimana alikuwa ameiegemeza baiskeli ya marehemu ukutani. Konsilia alichuchumaa mbele yake.

“Nisomee tena maneno ya shahidi.”

Konstebo akakohoa, akasoma: “Mimi Butoyi, dereva wa teksi, nilikuwa nikishuka kwenda Bujumbura. Niliona lori likipanda, na Minani ameninginia nyuma. Mkono uliteleza, akaanguka. Nilisimama kumsaidia nikakuta amekwisha kufa.”

“Na mlipofika, baiskeli ilikuwa hivi? Tupu?”

“Tupu kabisa. Ndiyo maana tulijua alikuwa akipanda. Anayeshuka huwa na ndizi.”

“Viatu vyake?”

Konstebo alivileta ndani ya mfuko. Vilikuwa makatambuga, yale ya kukatwa kutoka tairi la gari. La kushoto lilikuwa zima. La kulia lilikuwa limelika ukingoni mwa kisigino, mpira umekwanguka mpaka nyuzi zimejitokeza. Konsilia alipitisha kidole kwenye chuma cha baiskeli, karibu na gurudumu la nyuma, akakitoa cheusi. Unga wa mpira, mkavu, ulikuwa umetapakaa pale.

Mtoto wa mlima ule haelezwi maana yake. Baiskeli za wabeba ndizi hazina breki za kuaminika. Breki ni mguu. Ukishuka na mzigo, unachomeka kisigino nyuma, unakandamiza gurudumu, na kiatu kinalia mpaka kinatoa harufu ya kuungua. Ukipanda, unakandamiza nini?

“Labda aliteremka mapema, akawa anarudi,” alisema Konstebo.

“Alikufa jana asubuhi, watu hawajanywa uji. Na usiku wa kuamkia jana ilinyesha mvua. Unga huu haujalowa. Ni wa safari ile ile.” Akaigeukia keria. Ile mipira myembamba ya kufungia mzigo ilikuwa ikining’inia, ncha zake zimenyooka. “Hii nayo imekatwa kwa kisu. Mtu anayeitumia hii mipira kila siku hawezi kuikata, anaifungua. Ameikata mtu mwenye haraka.”

“Basi mzigo uko wapi, Shefu?”

Konsilia alikwenda zake langoni.

Msemaji wa waendesha baiskeli aliitwa Nyandwi, mtu mfupi mwenye mapaja mazito na kofia ya sufi. Alipomwona Inspekta anakuja, alikunja mikono kifuani.

“Mama, tupe huyo dereva au tutalala hapa.”

“Ndizi za Minani ziko wapi?”

Kelele zilikatika. Watu walitazama chini, wengine wakajifanya kukagua minyororo ya baiskeli zao. Nyandwi alijikuna shingo.

“Zimekwenda sokoni.”

“Nani kazipeleka?”

“Sisi. Tuligawana mkungu mmoja mmoja. Mama, usituangalie hivyo, hatukuiba! Huo ndio utaratibu wetu. Mmoja wetu akifia njiani, mzigo wake haulali barabarani. Ukilala, nyumba yake italala njaa. Tumeushusha, tumemkabidhi mama muuzaji wake yule yule, na kitakachopatikana ni cha mjane. Hata jani la kufunikia hatukubakiza.”

“Mkaondoa ushahidi wangu wote, mkaja kupiga kelele langoni mwangu!”

“Ushahidi gani? Muuaji si mmemshika? Lori lilihama upande likambana.”

“Lilihama upande. Nani kasema?”

“Butoyi. Tulimkuta pale.”

“Butoyi aliwaambia lori lilihama upande likambana Minani akishuka na ndizi zake.”

“Ndiyo.”

“Na mzigo nani alisema utolewe haraka?”

“Tungeutoa tu, ni desturi. Lakini yeye ndiye aliyetuhimiza: ‘Fanyeni upesi, polisi wakija watazishika ndizi zioze kituoni.’ Butoyi anajua. Amebeba ndizi na sisi miaka mingi kabla hajapata hilo gari.”

Kumbe! Ndizi zilipokuwepo, lori lilihama upande. Ndizi zilipoondoka na polisi wakafika, Minani akawa ameninginia nyuma, na grisi ya Kabura ikaja kulikamilisha fumbo bila kuombwa. Hadithi ya Butoyi ilikuwa imegeuza mwelekeo wa baiskeli pamoja na mzigo.

“Nyandwi, twende sokoni, mimi na wewe. Njiani usifungue mdomo.”

Walakini gari la kituo halikuwa na mafuta. Halikuwa nayo tangu wiki iliyopita, na foleni za mafuta mjini kila mtu anazijua. Konsilia alikuwa bado akimfokea Konstebo kana kwamba ndiye mwenye kisima, pale teksi nyeupe iliposimama langoni kwa madaha na kichwa chembamba kikachungulia.

“Shefu, nasikia unataka kushuka? Mimi nina mafuta.”

Alikuwa Butoyi.

Konsilia alilitazama gari, akamtazama mwenye gari, kisha akafungua mlango wa mbele akaketi. Nyandwi aliingia nyuma, kimya, magoti kidevuni.

Gari hilo, kama mengi yaliyotoka Ujapani, lilikuwa na usukani kulia, na sisi huku tunaendesha kulia mwa barabara. Kwa hiyo dereva hukaa upande wa ukingo, na baiskeli hupita chini ya kiwiko chake. Dirisha la Butoyi lilikuwa wazi. Kioo chake cha pembeni, cha kulia, kilikuwa na kona moja iliyofungwa utepe mweusi.

Hawakufika mbali wakamkuta mbeba ndizi wa kwanza, mikungu imemzidi upana, kisigino kikilia kwenye gurudumu. Butoyi aliweka mkono kwenye honi akauacha hapo.

“Ondoka, punda wewe! Barabara ya baba yako?”

Alimpita kwa karibu hata majani ya ndizi yakaupapasa mlango. Nyuma, Nyandwi alivuta pumzi. Konsilia alimsikia.

“Una hasira nao,” alisema Konsilia.

“Shefu, hawa hawana akili. Katikati ya barabara! Mimi nina abiria, nina mafuta ya kuhangaikia, nimwogope mwenye ndizi?”

“Si ulikuwa mmoja wao?”

“Ndiyo sababu nawajua. Miaka saba nimekanyaga pedali. Magari yalinisukuma mtaroni, nikanyanyuka, nikanyamaza. Nikasema, siku moja na mimi. Sasa ni siku yangu.” Alicheka, akampigia honi mwingine. “Tabu tupu! Shukeni pembeni!”

“Maskini akipata, matako hulia mbwata,” Nyandwi akaropoka.

“Umesema nini wewe?”

“Amesema barabara ina mashimo,” alisema Konsilia. “Butoyi, asubuhi ile lori lilikuwa wapi ulipoliona?”

“Kwenye kona ya juu.”

“Na Minani?”

“Nyuma yake, nimekwisha kuandikisha.” Alimtupia jicho. “Kwani kuna nini sokoni, Shefu?”

“Nataka kuona haki ya mjane.”

Butoyi aliikazia barabara macho. Baiskeli iliyofuata aliipigia honi mara moja tu.

Soko la ndizi la Kinama, chini mjini, lilikuwa na joto na makelele, na Konsilia aliyeshuka na sweta la mlimani alitoka jasho papo hapo. Alimwambia Butoyi asubiri garini. Butoyi alisema angependa kunyoosha miguu. Konsilia akasema asubiri garini, na safari hii hakusema kwa tabasamu.

Muuzaji, Mama Inamahoro, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuiamuru mvua ikome. Alipoambiwa ndizi za Minani, alipiga makofi ya huzuni.

“Maskini Minani! Nyingine zimeondoka, mwanangu. Zake huondoka upesi.”

“Zote?”

“Imebaki mikungu miwili. Mmoja mzuri, mmoja umepondeka, nani atautaka? Nilitaka kuukamua pombe.”

“Huo huo uliopondeka, mama.”

Waliufunua chini ya gunia. Ubavu mmoja wa mkungu ulikuwa umekatika vibaya, chane mbili zimegeuka nyeusi, utomvu umekauka. Konsilia alipiga magoti kwenye majani, akaanza kuzitenganisha ndizi moja moja. Nyandwi alisimama juu yake, akihema.

“Mkungu huu ulifungwa upande gani?”

Nyandwi aliugeuza, akatazama pale mpira ulipobana shina. “Kushoto. Upande wa barabara.”

“Lori la Kabura lina vioo?”

“Linavyo, lakini huko juu! Juu kuliko kichwa changu nikiwa nimesimama.”

“Basi hiki hakikutoka kwenye lori.”

Alikuwa amechomoa kitu kati ya chane. Kilikuwa kipande cha kioo, kidogo kuliko ukucha, na ndani yake Konsilia aliliona jicho lake mwenyewe. Alikwangua zaidi. Vipande vingine vitatu. Kisha, kimezama kabisa kwenye nyama ya ndizi mbichi, kikatoka kibanzi cha plastiki nyeusi, kona iliyovunjika, yenye mchirizi mdogo wa rangi nyeupe.

Nyandwi alikitazama. Uso wake ulibadilika polepole, kisha miguu ikamgeukia kuelekea lilikokuwa gari.

“Nitamuua.”

“Hutamuua.” Konsilia alimkamata mkono. “Sikiliza vizuri. Hapa sina gari, sina pingu, sina askari. Kule juu kuna mtu anayekaribia kuchukuliwa gerezani, na wa kunifikisha kabla hajachukuliwa ni huyo huyo Butoyi. Utaingia ndani ya gari, utaketi, utautazama mgongo wangu. Umenielewa?”

“Mama, Minani alikuwa—”

“Umenielewa?”

Nyandwi aliitikia kwa kichwa, machozi yamemlenga. Konsilia alifunga vile vibanzi ndani ya leso akavitia mfukoni. Mama Inamahoro aliwatazama wote wawili, akaukumbatia ule mkungu uliopondeka akasema kwamba, hata kama ni wa kutupwa, atautunza.

Butoyi alikuwa amesimama kando ya gari, kinyume cha alivyoambiwa, akiubonyeza bonyeza ule utepe mweusi kwenye kioo.

“Umepata, Shefu?”

“Nimepata. Nirudishe juu, haraka.”

Safari ya kurudi haikuwa kama ya kushuka. Malori yalipanda kwa kunung’unika, na nyuma ya kila lori baiskeli zimeninginia. Kila wabeba ndizi walipotokea wakishuka, Butoyi alipunguza mwendo. Alipiga honi ndogo, ya adabu. Mmoja aliyejaa barabara nzima alimpisha mpaka gurudumu la gari likaingia kwenye majani.

“Leo una heshima,” alisema Konsilia.

“Mtu anajifunza.” Jasho lilimtoka, na huku juu kulikuwa baridi. “Shefu, nimekuwa nikifikiri. Pengine sikuona vizuri asubuhi ile. Kulikuwa na ukungu. Pengine Minani alikuwa akishuka.”

“Pengine.”

“Lori ndilo lilimbana. Hilo nina hakika nalo.”

“Endesha, Butoyi.”

Mkono wa Konsilia haukutoka mfukoni. Mbele yao, kilima baada ya kilima, hakuna alichokitamani kama lile lango la kituo. Alilaani moyoni kila lori lililowachelewesha, na lango lilipotokea mwishowe, gari la mwendesha mashtaka lilikuwa tayari uani, mlango wa nyuma wazi. Kabura, amefungwa pingu, alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye kipandio. Waendesha baiskeli walikuwa wakizomea.

“Msimpandishe!” Konsilia aliruka kabla teksi haijasimama sawasawa. “Konstebo, chukua ufunguo wa gari hili!”

Hatungimana aliufikia usukani kabla Butoyi hajaelewa. Konsilia alizunguka upande wa kulia, akaukamata ule utepe mweusi, akauvuta. Chini yake kifuniko cha kioo hakikuwa na kona. Kioo chenyewe kilikuwa kipande cha kioo cha ukutani, kimekatwa na kubandikwa gundi. Akafungua leso. Kibanzi kilichotoka ndani ya ndizi kiliingia pale kwenye kona, mchirizi mweupe ukaungana na mchirizi mweupe.

Zomeazomea ilikufa. Hata afisa wa mwendesha mashtaka alishuka kuja kutazama.

“Mfungue Kabura,” alisema Konsilia.

Pingu zilipotoka, Kabura alijisugua vifundo vya mikono, akawageukia watu wa langoni. “Haya! Sasa inzi ni nani?”

“Na wewe funga mdomo wako,” Konsilia alimkata, “wenzako wanalia.”

Kabura alitazama. Kweli walikuwa wakilia, watu wazima, wameshika nondo za lango. Akatafuta jiwe akakalia.

Butoyi alikuwa ameegemea mlango wa gari lake, mikono imelegea.

“Sikutaka kumgonga,” alisema. “Nilitaka anipishe tu. Alikuwa katikati, nilipiga honi, hakutoka. Nikasema nimpitie karibu, aone. Walivyokuwa wakinifanyia mimi. Mimi sikuanguka! Nilijua naye hataanguka.”

“Ulijua ni Minani?”

“Kwa nyuma huwezi kujua, ni ndizi tu zinazoonekana. Nilimjua nilipofika sambamba naye. Dirisha langu lilikuwa upande wake. Nilikuwa nimekwisha kumtukana.”

Nyandwi alisogea mpaka akawa mbele yake. Konstebo alitaka kumzuia, Konsilia akamwashiria aache.

“Ulimtukana,” alisema Nyandwi. “Naye alikujibu nini?”

Butoyi alikigeukia kile kioo kilichovunjika.

“Alicheka,” alisema. “Alidhani namtania. Akaniita jina langu, akaachia usukani anipungie mkono.”